Jinsi ya Kuomba Uangalizi wa Ndugu Yako Uhamishiwe Jimbo Jingine la Marekani

Mtu anayetumikia kifungo cha nje chini ya uangalizi wa afisa wa probesheni nchini Marekani hawezi kuhamia jimbo jingine kwa uamuzi wake mwenyewe, hata kama mama yake au mkewe anaishi huko. Uhamisho huo unaongozwa na mkataba wa majimbo yote 50, na ombi hutumwa na jimbo lililomhukumu kwenda jimbo litakalompokea. Familia haiwezi kulipeleka yenyewe.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni ndugu yako kuzungumza na afisa wake. Kabla ya hapo, hakikisheni kwamba muda wa uangalizi uliobaki unazidi siku 90 na kwamba amekuwa akitimiza masharti ya mahakama, kwa maana ya kuhudhuria miadi na kulipa anachodaiwa. Waliohukumiwa kwa makosa madogo wana masharti ya ziada, nao wamuulize afisa mapema kama mkataba huu unawahusu.

Hatua ya pili ni kuandaa makazi, na hapa ndipo familia zetu hukwama. Kama ndugu yako hakuwa mkazi wa jimbo analotaka kwenda, jimbo hilo linalazimika kumpokea ikiwa ana jamaa wa karibu aliyeishi huko angalau siku 180, aliye tayari na mwenye uwezo wa kumsaidia, na ikiwa yeye mwenyewe anaweza kupata kazi au ana njia ya kujikimu. Jamaa anayehesabiwa ni mzazi au mzazi wa kambo, mlezi wa kisheria, babu au bibi, shangazi, mjomba au kaka au dada mwingine wa mzazi, mwenzi wa ndoa, au mtoto, kaka au dada aliye mtu mzima. Binamu na shemeji hawamo, ingawa kwetu ndio mara nyingi wanaomlea mtu. Anayetegemea binamu bado anaweza kuomba, lakini jimbo linaweza kukataa, hivyo ni lazima afisa aeleze kwa maandishi kwa nini uhamisho huo utamfaa.

Kisha ndugu yako atatia saini fomu ya maombi, ambayo ndani yake anakubali kurudishwa katika jimbo lililomhukumu bila kupinga. Asomewe kipengele hicho kwa lugha anayoielewa vizuri, naye aombe mkalimani bila kuona haya. Baadhi ya majimbo hutoza ada ya maombi.

Jimbo linalopokea lina siku 45 za kuchunguza na kujibu. Afisa wa huko anaweza kumpigia simu mwenyeji au kufika nyumbani, kwa hiyo simu isiyojulikana ipokelewe, na kila mtu mzima wa nyumba hiyo ajue nani anakuja. Katika kipindi hiki ndugu yako asihame. Kuondoka bila kibali cha maandishi ni kuvunja masharti, na kunaweza kumletea hati ya kukamatwa. Aliyekuwa tayari akiishi katika jimbo hilo alipohukumiwa anaweza kuombewa kibali cha kurudi huko akisubiri jibu.

Ombi likikubaliwa, atapewa maelekezo ya mahali na siku ya kuripoti. Likikataliwa, mwombeni afisa awaeleze sababu, kwani kasoro kama anwani isiyo sahihi hurekebishwa na ombi likatumwa upya.

Akishahamia, atafuata masharti ya afisa mpya, lakini hukumu na fidia ya aliyedhurika hubaki mikononi mwa jimbo la awali. Asiye raia anatakiwa pia kuijulisha idara ya uhamiaji anwani yake mpya ndani ya siku 10.