Kutayarisha filamu ndefu ya kwanza kuhusu marafiki waliotengwa na jamii

Tuchukue hadithi ya marafiki wawili wa Dar es Salaam, mmoja muokota vyuma chakavu na mwingine kijana mwenye ualbino. Kabla ya kutafuta fedha, usome mswada ukiwa na kalamu mkononi na uhesabu maeneo ya kupigia picha. Kwa makadirio ya kawaida ukurasa mmoja ni dakika moja ya filamu, hivyo kurasa 90 zinatosha, lakini kila eneo jipya huongeza usafiri, chakula na usumbufu. Bahati nzuri, marafiki wawili wakiwa katika ua wa nyumba moja ya kupanga wanaweza kuibeba nusu ya hadithi. Punguza maeneo, usipunguze siku za mazoezi, kwani mazoea ambayo waigizaji hawakuyapata kabla ya kamera kuwashwa, mhariri hatayapata popote.

Nafasi ya kijana huyo apewe mwigizaji mwenye ualbino, si mtu aliyepakwa unga usoni, na uamuzi huo uitawale ratiba nzima. Ngozi yenye upungufu wa melanini, yaani rangi asilia ya ngozi, huungua haraka. Kwa hiyo matukio ya nje yapangwe kati ya saa 12 na saa 3 asubuhi, kisha kuanzia saa 10 alasiri, na mchana mfanye ya ndani. Turubai la kivuli, kofia pana na losheni ya kukinga jua viingie kwenye bajeti sawa na betri za kamera. Kwa kuwa watu wengi wenye ualbino huona hafifu na huumizwa na mwanga mkali, mchapishie mswada kwa herufi kubwa, na taa zilainishwe kwa kitambaa cheupe. Mpiga picha naye atashukuru, maana chini ya jua la saa 7 mchana ni vigumu kuzipata vizuri nyuso mbili zenye rangi zinazotofautiana mno: mmoja hung'aa kupita kiasi au mwingine huzama gizani.

Kibali huombwa Bodi ya Filamu Tanzania, chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976, na filamu iliyokamilika hukaguliwa huko kabla ya kuonyeshwa hadharani. Mikataba ya mwandishi, waigizaji na mtunzi wa muziki isainiwe kabla ya siku ya kwanza. Waokota vyuma wanaopita nyuma ya waigizaji nao walipwe siku hiyohiyo, taslimu, kwa kiasi kisichopungua kile ambacho wangekipata kwenye mizani.