Kadi ya nauli ishonewe mfuko wake

Kila anayekuja kwangu Langoni kushona buibui la safari ya Dubai, namuuliza kabla sijachukua futi: kule kazini utakuwa ukienda kwa gari gani? Akinambia metro au basi, basi namshonea na mfuko wa kadi ya nauli, na pesa ya mfuko simdai. Nilishona mabuibui Deira kabla ya kurudi nyumbani Lamu, na asubuhi na jioni nilipanda treni ya laini ya kijani. Niliyoyaona milangoni mwa vituo vile ndiyo yanayonifanya nisimwache mtoto wa watu asafiri bila mfuko huu. Wale nisioweza kuwapima kwa mkono wangu, wa Faza, wa Malindi, wa Mombasa, nawaandikia hapa jinsi ya kuushona na jinsi ya kukaa na kadi yenyewe.

Kwetu kadi hizi hatujazizoea. Amu, ndiyo Lamu yetu, ni mji wa miguu na punda, na ukivuka kwenda Mokowe, upande wa bara, nahodha unampa pesa mkononi au unamtumia kwa M-Pesa. Nairobi walitaka abiria wa matatu walipe kwa kadi mwaka 2014, haikushika. Kwa hivyo msichana anatua Dubai, ananunua kadi ya Nol, ndiyo kadi ya nauli ya huko, na anaitia palepale anapotia kila kitu: kwenye kibeti, pamoja na kadi ya benki, noti, kitambulisho cha kazi na karatasi za dawa. Kisha kila asubuhi anasimama mbele ya geti, watu wamejaa nyuma yake, anafungua kibeti chote na kuchakura. Kadi inachomoka na noti inachomoka nayo. Akipita, anakwenda mbio kuwahi behewa la wanawake huku kadi ameishika kwa vidole viwili na simu kwa vitatu. Hapo ndipo kadi zinapopotea, na mara nyingi mwizi hana habari. Zinaanguka tu.

Dawa yake ni kadi isitoke kabisa. Ikae mahali pamoja, peke yake, na mahali hapo pagusishwe kwenye mashine na nguo yake. Watu hunishangaa nikisema hivi, kwa hivyo nieleze inavyofanya kazi.

Ndani ya plastiki ile mna chipu, na waya mwembamba uliozungushwa karibu na kingo za kadi. Betri haina. Mashine ya geti ndiyo inayotoa nguvu, waya unaipokea, chipu inaamka na kujibu, na yote hayo ni ndani ya sentimita chache. Nguvu ile inapita kitambaa, inapita ngozi, inapita plastiki. Kinachoizuia ni madini, yaani chuma, bati na mfano wake. Ukishayajua haya matatu, yaani waya, sentimita chache na madini, mengine yote utayajua mwenyewe bila kufunzwa.

Kwanza, usiitoboe kadi. Nimeona wengi wakipasha moto msumari wakatoboa pembeni ili watie kamba ya shingoni. Waya ukikatika, kadi imekufa, na kwa nje utaiona nzima. Pili, usiikalie. Mfuko wa nyuma wa suruali unaipinda kila unapoketi, na wanaume ndiko wanakopenda kuiweka. Tatu, isikae na kadi ya benki mfuko mmoja. Miji mingine mageti yanapokea kadi za benki pia, London mojawapo, na kadi mbili zikiwa pamoja mashine inaweza kukata nauli kwenye ile usiyoitaka, au ikakataa zote mbili. Nne, usiiweke nyuma ya simu yenye kifuniko cha madini au pete ya sumaku. Sumaku haifuti chipu, hilo ni hofu ya bure, lakini lile bati linaiziba isisomeke.

Vile vibeti vyenye karatasi ya bati ndani vinavyouzwa kwa kuogopesha watu kwamba mwizi atapita na mashine akufyonze pesa, kadi ya benki itie humo ukipenda. Ya nauli itabidi uitoe kila mara, na sisi tunakimbia kuitoa.

Sasa mfuko. Kadi hizi zote zina kipimo kimoja, kadi ya Nol, ya benki, hata N-Card wanayotumia Dar es Salaam kwenye kivuko cha Kigamboni: urefu sentimita 8.6, upana 5.4. Kata kipande cha kitambaa cha pamba kizito, upana sentimita 8 na urefu 26 na nusu. Dirili inafaa, na kanga iliyokunjwa mara mbili inafaa. Usikate kwenye masalio ya kitambaa cha kung'aa chenye nyuzi za madini, kwa sababu hizo nyuzi zinadhoofisha usomaji. Hata kama ndiyo inayolingana na buibui, iache.

Upande mmoja mfupi kunja pindo la sentimita moja na nusu, lishone. Huo ndio mdomo wa mfuko. Upande mfupi wa pili kunja pindo la sentimita moja. Weka kitambaa uso juu, nyanyua upande wa mdomo uukunjie juu kwa sentimita 9 na nusu. Kitakachobaki juu, sentimita 5, ni kifuniko. Shona ubavu huu na ubavu huu, uache sentimita moja ya ushoni kila upande. Ukifika mdomoni rudisha mshono nyuma mara mbili, maana hapo ndipo panapofumuka kwanza. Ncha mbichi zipige zigizaga. Kando za kifuniko kunja ndani sentimita ileile moja. Geuza. Ndani utakuwa na upana wa sentimita 6: kadi inaingia wima, imeshikika kidogo, haipinduki wala haitelezi. Na kwa sababu mfuko una kina cha 9 na nusu, kadi inazama chini ya mdomo. Ukiiona kichwa chake kinachungulia, umekata vibaya. Fumua urudie, kitambaa ni kidogo tu.

Kifungo kiwe cha plastiki au velkro. Mwenye kuishi kwenye hewa ya bahari kama sisi anajua vifungo vya chuma vinavyofanya: vinaota kutu na kutu inaingia kwenye nguo. Hapa kuna na sababu ya pili, chuma kisisimame mbele ya kadi.

Mkanda ni utepe wa pamba wa upana wa sentimita 2. Ushone kwenye mishono ya ubavuni kwa kisanduku cha mraba chenye mistari miwili inayokatana ndani, kama wanavyoshona mikanda ya mikoba. Urefu mimi napima hivi: mteja asimame, utepe uanzie bega la kushoto, ushuke kwa mshazari kifuani, mfuko uishie kwenye nyonga ya kulia, usawa wa kifundo cha mkono. Kwa nini kulia? Mashine ya geti iko mkono wa kulia. Mfuko ukiwa kulia, unaunyanyua kidogo tu, unaubandika, umepita. Mwenye kuvaa mtandio mpana anaufunika kabisa na hakuna anayejua pana kitu hapo.

Wanaume hawapendi kamba. Kwao nashona mfuko huohuo bila kifuniko ndani ya mfuko wa kulia wa kanzu, au ndani ya mfuko wa shati, ukashikwa na mshono wa juu na wa pembeni. Kwa mwenye mkoba, ushonwe kwenye bitana ya upande unaotazama nje, na upande huo usitiwe funguo wala sarafu. Atagusisha mkoba.

Kabla hujasafiri ujaribu. Lamu hatuna geti la kujaribia, lakini baadhi ya simu za Android zina NFC, yaani uwezo wa kusoma kadi kwa kugusishwa. Iwashe, tia kadi ya benki yenye alama ya mawimbi ndani ya mfuko, kisha weka mgongo wa simu juu ya kitambaa. Simu ikitetemeka au ikilia, imeiona kadi. Isipoiona, sogeza polepole, kwani kila simu ina sehemu yake ya kusomea. Kadi tupu ikisomeka na ndani ya mfuko bado kimya, huenda kitambaa kimezidi unene au una nyuzi za madini mahali. Kadi ya benki itoe ukimaliza.

Kwenye geti lenyewe, usipitishe mkono mbio kama unafukuza nzi. Bandika, tulia, ngoja mlio, tazama kioo. Ukiingia utaona geti limekubali. Ukitoka utaona nauli iliyokatwa na salio lililobaki. Nauli ya kadi ya Nol ya rangi ya fedha, ile ya kawaida, ni dirham 3 ndani ya ukanda mmoja wa mji, 5 kwa kanda mbili zinazopakana, 7.50 zaidi ya hapo. Ukilijua hilo, ukitazama kioo kila jioni unajua kama umekatwa sawa. Na hapo ndipo unajua salio limekaribia kwisha, si kesho asubuhi na msimamizi anakungoja kazini. Ongeza salio jioni, ukitoka kazini, mashine hazina foleni kubwa kama alfajiri.

Kwenye basi ni lazima ugusishe mara mbili, kupanda na kushuka. Watu wetu wanasahau ya kushuka, kwa sababu mlango wa basi hauna geti la kukuzuia. Usipogusisha kushuka unakatwa nauli ya juu kabisa. Na usipogusisha kupanda, mkaguzi akija na mashine yake ya mkononi, faini ni dirham 200. Mwenye mfuko ubavuni anaushika akiwa bado kwenye ngazi. Kadi uliyoingilia ndiyo utokee. Usiingie kwa kadi ukatoka kwa simu.

Kituo cha Union, ambapo laini nyekundu na ya kijani zinakutana, jioni kina msongamano hasa. Milango ikifunguka weka kiganja juu ya mfuko, huku mkono mwingine umeshika nguzo. Ukitaka kutazama kitu ndani ya mfuko, tembea mpaka ukutani kwanza, usisimame katikati ya mkondo wa watu.

Sasa ikipotea pamoja na yote hayo. Kadi ya fedha isiyosajiliwa haina jina la mtu. Aliyeiokota ndiye mwenye salio. Kwa hivyo usiijaze pesa nyingi. Tia ya wiki. Mwenye mkataba wa miaka namshauri achukue ya buluu: ina jina na picha, ikipotea unatoa taarifa, inafungwa, na salio lako unaweza kulipata. Inagharimu zaidi, dirham 70 kwa 25 ya ile ya fedha, lakini ya buluu inakuja na dirham 20 ndani na ya fedha na 19. Kwa mtu anayesafiri kila siku mimi naona inajilipa. Siku unayoichukua, kadi ya rangi yoyote, ipige picha upande wa nyuma penye namba, uitume kwa dada yako au mama yako nyumbani. Simu yako nayo ikipotea siku hiyohiyo, namba utaipata Lamu.

Mfuko ufuliwe. Jasho la Dubai wakati wa kiangazi si la mchezo, na kitambaa chenye chumvi kinakakamaa, mshono unakatika. Toa kadi, loweka mfuko kwa maji baridi na sabuni, anika kivulini. Huku kwetu anayevuka Mokowe kila siku na mfuko wa namna hii usuuze maji ya bomba kila ukirashiwa na bahari. Kadi ya plastiki haidhuriki na maji ya chumvi, ipanguse kwa kitambaa chenye maji matamu uikaushe. Ile tiketi nyekundu ya Nol ndiyo ya karatasi, hiyo maji yataila. Wala usiiache kadi juu ya dashibodi ya gari juani, inajikunja.

Wanaorudi nyumbani hunijia na kadi zao kuniuliza wazifanyeje. Ya fedha, kama hukuisajili, haina jina, mpe mwenye kwenda. Tazama kwanza muda wake, maana kadi ya Nol huisha baada ya miaka 5, na umwambie akifika aiweke kwenye mashine ya kituo aone salio kabla hajaiongeza chochote. Ya buluu usimpe mtu hata kama ni ndugu yako wa tumbo moja: ina picha yako, na akikutwa nayo faini ni dirham 200 zilezile. Mfuko mpe, ila utepe ubadilishe, kwa sababu umepimwa kwa bega lako.