Somo: Kujaza upya viungo vya ukuta wa zamani kwa chokaa

Swali la "kwa nini tofali zinameguka baada ya kupiga pointi kwa saruji" halikomi. (Kupiga pointi ni kujaza viungo, yaani mianya kati ya tofali.) Jibu lote liko hapa. Someni kabla ya kuuliza.

1. Vaa miwani na glavu. Chokaa huunguza macho.

2. Chimba kiungo kwa tindo nyembamba, kina mara mbili ya upana wake: cha mm 10 kichimbe mm 20 hadi 25. Grainda hula kingo za tofali.

3. Toa vumbi kwa brashi.

4. Changanya chokaa 1 kwa mchanga mkali (wa chembe zenye kona) 3. Chokaa ya unga ya kawaida iloweke tangu jana yake.

5. LOWESHA UKUTA. Hapa ndipo kazi nyingi hufia. Tofali kavu hunyonya maji yote kabla chokaa haijashika, na baadaye ukikwaruza kwa ukucha unatoka unga mtupu. Nyunyiza jioni ya kuamkia kazi, kisha tena muda mfupi kabla ya kujaza. Lakini tofali lising'ae kwa maji! Likiwa hivyo mchanganyiko huteleza na kuacha mwanya kwa nyuma, usiouona mpaka mvua iingie.

6. Shindilia kwa tabaka za mm 10.

7. Kidole gumba kisipoacha alama tena, gongagonga kwa brashi ngumu.

8. Funika kwa gunia bichi wiki nzima. Chokaa hushika polepole kwa kuvuta kaboni dayoksaidi hewani, na ikikauka ghafla haishiki.

Swali: Mkuu, nikiongeza saruji kidogo ishike haraka?
Jibu: Usiongeze. Saruji ikizidi tofali kwa ugumu, unyevu hutoka nje kupitia tofali badala ya kiungo, chumvi hujikusanya humo na uso wake hubanduka.

Swali: Kwani lazima kulowesha?
Jibu: Hatua ya 5.

Swali: Nitapataje mchanga unaofanana na wa zamani?
Jibu: Swali zuri sana, ndugu. Ponda kipande cha kiungo cha zamani, kitie kwenye siki, ubadilishe siki mpaka mapovu yaishe. Chokaa itayeyuka, mchanga utabaki chini. Usuuze, uukaushe, kisha linganisha rangi na ukubwa wa chembe. Kama mchanga una vipande vya makombe vitayeyuka pia, kwa hiyo utazame kwanza kabla ya kutia siki.

Swali: Na chokaa inayoshika kwa maji, nayo niiloweke?
Jibu: Hiyo hapana, itagandia kwenye ndoo. Changanya ya kutumia siku hiyo tu.