Jinsi ya kutumia ofisi za kanda za sayansi kabla hujaandika andiko la mradi

Wadogo zangu mlioko masters na PhD, na nyie wahadhiri mlioajiriwa juzi juzi, kila wiki naulizwa swali lile lile kuhusu ofisi za kanda, zile ofisi za mashirika ya kimataifa ya sayansi zinazohudumia nchi za eneo letu, hii inatoa shingapi na dedilaini lini. Naelewa kabisa, hela ya utafiti nyumbani ni ngumu. Lakini ukianza na hela unakosa kitu ambacho hizi ofisi zinacho kwa wingi, nacho ni watu. Aliyekaa pale anajua nani Mombasa anafanya kazi inayofanana na yako, nani Maputo ana mashine unayoihangaikia, na mwito gani wa maandiko ya mradi unakuja miezi michache mbele. Kwa hiyo nenda mapema ukiwa na swali, usisubiri usiku wa dedilaini ukaenda na ombi.

Kwanza ujue nani ni nani maana watu wanachanganya sana. Baraza la Sayansi la Kimataifa lenye makao Paris lilizaliwa 2018, pale ICSU, baraza la sayansi la kimataifa la zamani lililoanzishwa 1931, lilipoungana na baraza la sayansi za jamii, na ICSU ndiyo iliyofungua ofisi ya Afrika Pretoria mwaka 2005. Siku hizi kazi ya kanda hii inaratibiwa na Future Africa, taasisi iliyoko hapo hapo Chuo Kikuu cha Pretoria. Pretoria pia yupo mshirika wa TWAS wa Afrika kusini mwa Sahara. TWAS ni ile akademia aliyoianzisha Abdus Salam wa Pakistan kule Trieste, Italia, mwaka 1983, baada ya yeye mwenyewe kupata Nobel ya fizikia 1979, na alifanya vile kwa sababu aliona wanasayansi wazuri wa nchi zetu wanavyobaki peke yao hadi wanakata tamaa. Mimi hilo linanigusa sana maana upweke wa kazi naujua.

Karibu na nyumbani, Nairobi kuna ofisi ya UNESCO ya Afrika Mashariki pale Gigiri, kuna IDRC, kituo cha Canada kinachofadhili utafiti wa maendeleo, na DAAD ya Wajerumani, inayotoa ufadhili wa masomo na kubadilishana wasomi, ipo Nairobi tangu 1973. Kampala kuna IUCEA, baraza la vyuo vikuu vyetu, tangu 1980. Jumuiya ya Afrika Mashariki yenyewe imeweka kamisheni ya sayansi na teknolojia, EASTECO, Kigali, na ya utafiti wa afya Bujumbura. Mtu wa fizikia asisahau ICTP-EAIFR ya Kigali, taasisi ya utafiti wa fizikia ya Afrika Mashariki, imefunguliwa 2018 ndani ya Chuo Kikuu cha Rwanda. Na watu wa bahari kama mimi tuna WIOMSA, chama cha wanasayansi wa bahari wa magharibi mwa Bahari ya Hindi, ipo Zanzibar tangu miaka ya 90, inaunganisha nchi kumi kuanzia Somalia hadi Afrika Kusini pamoja na visiwa vya huku, Komoro, Shelisheli, Morisi, Madagaska na Réunion ya Ufaransa. Nimeona wanafunzi wanasafiri mbali kutafuta ushirikiano wa kimataifa wakati ofisi yenyewe iko mwendo wa daladala kutoka kwao, jamani.

Usiziandikie zote. Chagua mbili zinazogusa mada yako, ingia tovuti zao, soma miradi waliyoisaidia miaka mitatu iliyopita, angalia majina ya waliopata na vyuo vyao. Hapo ndipo utajua wanapenda nini kuliko kusoma malengo yao yaliyoandikwa kwa maneno makubwa. Kama mradi mkubwa unataka timu ya nchi zaidi ya moja, na mingi ya kanda iko hivyo, basi ujue mapema kabisa kwamba kazi yako ya kwanza ni kutafuta mwenzako.

Halafu kuna mlango wa nyumbani, na hapa ndipo wengi wanakwama. Ofisi nyingi za kanda haziwezi kuiruka nchi yako zikaja kwako moja kwa moja. Mfano ule Mpango wa Ushiriki wa UNESCO, unaosaidia miradi ya nchi wanachama, ombi linapitia Tume ya Taifa ya UNESCO ya nchi yako, ukilituma mwenyewe halifiki popote. Mambo ya nyuklia ya IAEA, shirika la kimataifa la nguvu za atomiki, iwe kilimo, maji au saratani, yanapitia afisa kiungo wa taifa. Tanzania wajue COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia iliyoundwa kwa sheria namba 7 ya 1986, lile jengo la Kijitonyama ambalo hata kituo cha daladala kinaitwa Sayansi. Kenya ni NACOSTI, tume yao ya sayansi, kwa sheria ya 2013, na kibali cha utafiti unaomba mtandaoni. Zanzibar ina utaratibu wake wa kibali, usije na cha Bara peke yake ukadhani yameisha. Utafiti unaogusa wagonjwa au damu unataka pia idhini ya maadili, na hiyo inachukua muda, ianze kabla hata andiko halijaisha.

Sasa imeili ya kwanza, hii nitakaa nayo kidogo kwa sababu ndiyo inayofungua au kufunga kila kitu. Imeili nyingi ninazoonyeshwa zinaanza na salamu ya mistari minne, wasifu wa mtu tangu fom six, kisha "naomba ufadhili wa utafiti wangu" na faili tano zimeambatanishwa. Hiyo haijibiwi, sio kwa ubaya, ila anayeipokea hajui aifanyie nini. Andika hivi:

"Ndugu Mratibu, mimi ni mwanafunzi wa PhD Zanzibar, nachunguza kwa nini mwani aina ya kotonii unageuka mweupe na kukatika miezi ya joto katika vijiji viwili vya Pwani ya Mashariki. Nina vipimo vya joto la maji vya miezi kumi na nne. Natafuta mtafiti wa Kenya au Madagaska mwenye vipimo kama hivyo ili tulinganishe. Je, mnamjua wa kuniunganisha naye? Nimeambatanisha ukurasa mmoja."

Umeona? Kazi yenyewe, ulichonacho mkononi, unachotaka, basi. Mtu anaweza kuijibu kwa dakika tano akiwa anasubiri chai. Ukiona kimya, wiki mbili zikipita kumbusha mara moja kwa upole, kisha piga simu ofisini kati ya saa nne na saa sita asubuhi, sio WhatsApp usiku. Na ukipata jina la mtu wa Burundi, Kongo, Komoro au Madagaska mwandikie kwa Kifaransa hata kama cha kuungaunga, au muulize kama Kiswahili kinamfaa, wengi wa Bujumbura na Goma watafurahi.

Mkishapatana na mwenzako msikimbilie bajeti. Kaeni kwanza mwandike karatasi moja, nani anafanya nini, data ni ya nani, jina la nani linaanza kwenye chapisho, na sampuli zinakwenda wapi. Najua inaonekana kama kutokuaminiana ila niamini, ndiyo inayolinda urafiki. Mimi niliwahi kuwa na vichupa arobaini vya mwani uliokaushwa, vimepangwa vizuri kwenye boksi, kila kimoja na lebo ya penseli, vinasubiri kwenda maabara ya washirika Ulaya. Makubaliano ya kuhamisha sampuli yalikuwa hayajasainiwa upande mmoja, kila mtu anadhani mwenzake ameshughulikia. Miezi saba boksi liko kwenye kabati. Tulipokuja kulifungua lebo zingine zimefutika kwa unyevu, msimu mzima wa akina mama waliotuvunia ukawa umepotea. Tangu Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa wa kugawana kwa haki faida za rasilimali za viumbe, ianze kutumika 2014 rasilimali ya viumbe haitoki nchini hivi hivi kwa nchi zilizojiunga, na mimi naona ni haki kabisa, ila inataka makaratasi yaanze siku ya kwanza. Ofisi ya kanda mara nyingi ina nakala ya makubaliano yaliyokwisha tumika na wengine, ziombe.

Ratiba nayo. Mshirika wa nje anapanga safari ya kazini kwa likizo yake ya chuo, wewe mwambie mapema kwamba mwani na pweza vinafuata bamvua, siku zile maji yanapojaa sana na kutoka mbali. Akifika wakati wa maji mafu, yasiyotoka mbali, atakaa hotelini anaangalia bahari. Weka kalenda ya mwezi wa angani kwenye andiko lenyewe, tarehe kwa tarehe, wasomaji wa maandiko wanaona huyu mtu anaijua sehemu yake.

Bajeti fanya na mhasibu wa chuo, usifanye peke yako. Muulize chuo kinakata asilimia ngapi, hela inaingia akaunti gani, na ikiingia inachukua siku ngapi kukufikia, maana kuna mahali hela imefika Machi mtafiti akaiona Julai, msimu umekwisha. Mwenye mashua hana mashine ya risiti, wala mama anayekupikia kijijini hana. Kabla hujasaini mkataba uliza ofisi kama wanakubali fomu ya malipo yenye jina, kijiji, tarehe, kiasi na saini au dole gumba, na jibu lao ulipate kwa maandishi. Zichapishe fomu hizo nyingi kabla ya safari, zitie kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha maji pamoja na kalamu mbili, na mlipe mtu hapo hapo pwani kabla hamjaachana.