Insha ya kuomba chuo Marekani bila vita nyumbani

Wiki iliyopita nilimsaidia binti wa jirani hapa Nyalenda, Kisumu. Insha haikutusumbua. Watu wa nyumbani ndio walitutoa jasho.

1. Fungua akaunti ya Common App, tovuti ya kuombea vyuo vingi vya Marekani kwa fomu moja. Maswali ni saba, jibu moja, maneno 250 hadi 650. Waeleze wazazi mapema kwamba hii si KUCCPS, inayopanga watu vyuoni Kenya kwa alama, wala si insha ya KCSE ya kupambwa kwa methali.

2. Andika kwa kalamu, kwenye kaunta buku. Simu siitaki kabisa. Kila sentensi WhatsApp inalia.

3. Chagua msomaji mmoja. Hapa ndipo Jumamosi yangu nzima ilipoishia. Binti alikuwa ameandika kuhusu kuanika omena ufukweni Dunga: wingu linatokea upande wa ziwa, naye aamue kama atakunja nyavu sasa au atasubiri kidogo jua limalizie. Akaiacha mezani. Mjomba, mwalimu mstaafu, akaja na kalamu nyekundu. Omena ikafutwa ("utatuaibisha!"), ikaingia ndoto ya udaktari. Baba akaongeza mistari ya karo. Tukabaki na insha ya wazee wawili wasioomba chuo chochote.

Siku hizi wazazi nawapa kazi kabla rasimu haijaandikwa. Mama aulizwe visa vya utotoni jioni akichambua sukuma; anakumbuka mengi kuliko mtoto. Baba akabidhiwe mambo ya pesa, kwa sababu yana fomu zake. Vyuo kadhaa hutumia CSS Profile, fomu ya mtandaoni ya kuombea msaada wa karo, na hiyo itamshughulisha vya kutosha. Mjomba usibishane naye mbele ya watu. Mwambie, "Shikamoo mjomba, ikiiva nitakusomea." Na kweli umsomee, kwa sauti, karatasi ikiwa mkononi mwako. Akiwa anasikiliza tu, hana pa kupitisha kalamu. Ukitumia Google Docs, ruhusa iwe ya kusoma pekee.

Lakini kama kisa kinagusa ugonjwa, kifo au ndoa iliyovunjika, mwenye siri aombwe ruhusa kwanza. Akikataa, tafuta kisa kingine. Usijaribu kubadilisha majina ukidhani hatajitambua.

4. Chapa, hesabu maneno, bandika, kisha kagua kama aya bado zimeachana.

5. Tuma siku tatu kabla ya makataa, asubuhi, stima ikiwapo. Ya omena tuliirudisha yote, na mjomba aliposomewa aliuliza tu kama siku hiyo mvua ilinyesha.