Pesa za mradi wa funza wa taka za sokoni: mizani kwanza, andiko baadaye

Vikundi vingi vinavyotaka kugeuza taka za soko la Mabibo au Temeke, Dar es Salaam, kuwa funza wa kulishia kuku huanza na andiko la mradi. Anzeni na mizani. Andiko lenye picha nzuri huangushwa na swali moja tu la kamati inayotoa pesa: kilo ngapi za taka zinatoa kilo ngapi za funza?

Jaribio lifanyeni kwa hisa zenu wenyewe au pesa ya VICOBA (kikundi cha kuweka na kukopa). Tafuteni kreti kumi za plastiki za sentimita 60 kwa 40, kina 17. Kila kreti inachukua funza 10,000 wa nzi askari mweusi wenye umri wa siku tano, na kilo 15 za taka zilizokatwakatwa. Chakula hicho wapeni kwa mafungu matatu: siku ya kwanza, ya tano na ya nane. Mkimwaga chote kwa pamoja, tabaka la chini linapata joto na kuoza, funza wanapanda ukutani na kutoroka. Kabla ya kulisha, kamua konzi moja ya taka. Matone machache kati ya vidole yanatosha. Maji yakitiririka, ongezeni pumba. Tikiti na nyanya ndizo zinazoharibu majaribio mengi. Miguu ya chanja za kuwekea kreti isimame ndani ya makopo ya maji yenye oili chafu, la sivyo sisimizi watawatangulia.

Siku ya 12 chekecheni, mpime. Kilo mbili hadi tatu za funza wabichi kwa kreti ni mavuno mazuri. Rudieni angalau mara tatu, na kreti zilizoharibika ziandikwe pia. Daftari lisilo na kreti mbovu hata moja linatiliwa shaka, na ni haki.

Sasa pangeni ukubwa. Kwa kilo 300 za taka kwa siku, mnaanzisha kreti 20 kila siku. Kwa siku 12 ni kreti 240, na 20 za ziada zikiwa zinaoshwa. Mnahitaji funza wachanga 200,000 kila siku. Gramu moja ya mayai ina mayai kama 40,000, lakini si yote yanayofika siku ya tano, kwa hiyo wekeni gramu saba au nane kwa siku. Bajeti nyingi zinachechemea hapa: kreti zimenunuliwa zote, banda la nzi wanaotaga mayai hayo ni chandarua kimoja cha kitandani. Nzi hawa hupandana kwenye mwanga wa jua, na wiki ya mawingu ya masika hupunguza mayai mara moja. Tengeni pesa ya banda kubwa zaidi ya mnavyodhani.

Upande wa mapato, andikeni asilimia 15 ya uzito wa taka, hata kama jaribio limetoa 20. Hizo ni kilo 45 za funza wabichi kwa siku, na wakikaushwa hubaki kama kilo 15. Bei yenu itapimwa kwa bei ya dagaa wa kuku. Dagaa safi wana protini zaidi, hivyo kilo yenu iwe nafuu (ingawa kila mfugaji anajua dagaa wa gunia huja na mchanga wake). Wauzieni kwanza wafugaji wa jirani funza wabichi. Mashine ya kukaushia itasubiri mkopo wa SIDO, shirika la serikali la viwanda vidogo.

Mkopo wa halmashauri ndio unaofaa kwa kreti, chanja na banda, maana hauna riba. Unatoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mlango ni afisa maendeleo ya jamii wa kata, na mnahitaji katiba, usajili wa kikundi na akaunti ya benki. Jambo la kujadili naye mapema ni tarehe ya rejesho la kwanza. Kutoka yai hadi yai ni wiki sita hivi, na mkianza na mbegu ndogo mtahitaji vizazi viwili kufikia gramu nane kwa siku. Hiyo ni miezi mitatu bila mauzo ya maana, huku mishahara na usafiri wa taka vikiendelea. Viingizeni kwenye maombi. Ruzuku mkiipata, ielekezeni kwenye vipimo vya maabara na usajili wa mbolea (mabaki ya kreti baada ya kuchekecha) kwa TFRA, mamlaka ya mbolea, gharama ambazo hazirudishi pesa haraka.

Ambatanisheni barua ya uongozi wa soko inayotaja saa ya kuchukua taka na meza zitakakotoka. Chukueni kwa wauza ndizi na mboga, kwenye ndoo zenu, kabla taka hazijafika kwenye kizimba cha taka cha soko. Zikishachanganyika na mifuko na betri pale, hakuna kuchambua kutakakozisafisha: funza hukusanya mwilini kadmiamu, metali yenye sumu, na kuku ndiye anayefuata.