Kabla ya dripu ya kwanza, ijue karatasi yako

Mimi ni muuguzi wa kliniki ya saratani ya matiti. Swali ninaloulizwa sana benchini ni hili: "Sista, mbona mwenzangu anameza vidonge tu, mimi nawekewa dripu?" Jibu liko kwenye karatasi ya maabara, ile ambayo wengi wanaitunza vizuri sana bila kuwahi kuifungua.

Anza na kinyama chenyewe, kile kinachokatwa kwenye uvimbe ili kipimwe. Kikishakatwa, kiingie kwenye fomalini (dawa ya kukihifadhi) ya asilimia 10 ndani ya saa moja, dawa iwe nyingi, kama mara kumi ya ukubwa wake, na kikae humo saa 6 hadi 72. Kikicheleweshwa, au kikisafirishwa na maji ya chumvi, karatasi inaweza kusoma hasi kumbe ni chanya. Kwa hiyo uliza palepale: kopo lina jina langu? Saa imeandikwa? Atakayenuna, anune.

Majibu yakitoka, tafuta ER, PR na HER2. Hizo mbili za kwanza ni vipokezi vya homoni, yaani sehemu za seli ya saratani ambazo homoni hujishikiza. Zikiwa chanya, tamoksifeni, dawa ya kuzuia homoni hizo, huwa ni kidonge cha kila siku kwa miaka 5, wengine hadi 10; aliyekwisha koma hedhi anaweza kupewa anastrozole. Kemo, yaani dawa kali za kuua seli za saratani, ambazo nyingi ni za dripu, nayo inaweza kuongezwa, kutegemea ukubwa wa uvimbe na kama tezi za kwapani zimeguswa. Kama bado unazaa, mwambie daktari mapema, maana tamoksifeni haifai kwa mimba.

HER2 ni protini iliyo juu ya seli za saratani, na majibu yake huja kwa alama. 0 na 1+ ni hasi, 3+ ni chanya. Ile 2+ ndiyo inayonikera: bado haijaamua kitu, inahitaji kipimo cha pili kiitwacho FISH, lakini mtu anaambiwa "majibu yametoka" na anaondoka. Usiondoke. Ikithibitika chanya, kuna trastuzumab, dawa ya dripu inayolenga HER2, kwa kawaida kila wiki 3 kwa mwaka mzima, na moyo upimwe kwa eko (picha ya mawimbi ya sauti) kabla ya kuanza na kila miezi 3 hivi. Bei yake si mchezo. Ulizia bima kabla ya kupangiwa tarehe.

Zote tatu zikiwa hasi, vidonge vya homoni havitakufaa hata jirani akikugawia vyake. Hapo kemo ndiyo tegemeo, pamoja na upasuaji.

Ipige picha karatasi, mtumie na dada au binti yako, kisha muulize daktari: "Dawa hii umeichagua kwa mstari upi hapa?"